Mwizi wa Vifaranga Hakuwa Yule Mweupe



Jumamosi iliyopita mlinicheka. Tulikuwa katikati ya hesabu ya likelemba, mama mweka hazina ameshika daftari, mimi nikainuka ghafla nikatoka nje kutazama juu. Mmoja wenu akauliza kama mvua inakuja, maana nguo zake ziko kwenye kamba. Mvua haikuwapo. Juu ya paa alikuwa anapita ndege, na nilitaka kuona mkia wake kabla hajapotea nyuma ya mwembe. Niliahidi kueleza. Leo nalipa deni, na kila mwenye kuku ndani ya parsele yake asome mpaka mwisho.

Mambo yalianza kwangu Mangobo, mwaka juzi. Mnaijua parsele yetu: michikichi miwili mirefu aliyoipanda baba mkwe, mwembe, msafu mmoja usiozaa vizuri, migomba nyuma ya choo, na kipande cha matembele na lengalenga. Kuku wanazunguka humo humo. Kuku wangu mwekundu aliangua vifaranga 11. Wiki ya kwanza wakapotea watatu. Wiki ya pili wakapotea wawili tena. Nyinyi mnaolipa minervali kwa kuku mnajua kifaranga aliyepotea ni nini. Mimi nilikuwa nimeshawahesabu wale 11 kama daftari, kalamu na viatu.

Juu ya mchikichi ulio karibu na barabara alikuwa akikaa ndege mkubwa. Mweupe kichwani, kifuani na tumboni, mabawa yana meusi mengi, na ngozi ya uso nyekundu, haina manyoya kuzunguka macho, kama mtu aliyelia usiku kucha. Kila asubuhi yupo. Anakaa kimya, hana haraka, anatazama chini kwenye uwanja wangu. Nikasema: huyu ndiye. Nani mwingine?

Mtoto wangu wa pili alikuwa na miaka 13 na manati nzuri. Siku ya tatu ya kujaribu alimpata. Ndege akaanguka kwenye matembele, shemeji akammaliza, na kwa kuwa nyama ni nyama nikaweka maji ya moto ya kumnyonyoa. Nilipompasua, nikafungua ule mfuko wa shingoni ambamo ndege hutia chakula kwanza. Nilitegemea kukuta miguu ya vifaranga vyangu. Nikakuta nyuzi za chikichi, nyekundu, zenye kung'aa. Mafuta yalinishika vidoleni kama siku ya kuponda mawese. Hapakuwa na mfupa, wala unyoya hata mmoja. Alikuwa amekaa pale kila asubuhi kwa sababu chikichi zangu zilikuwa zimeiva.

Siku tatu baadaye kifaranga wa sita akachukuliwa.

Sikulala vizuri wiki ile, nawaambia ukweli. Si kwamba sijawahi kuua ndege. Nimechinja kuku wengi kuliko siku za mwaka. Ila yule nilimhukumu, na mtoto wangu akatekeleza hukumu, na wote wawili tulikuwa na uhakika.

Basi nikaamua kukaa na kuangalia. Nilichukua kiti, nikachukua sombe ya kuchambua, nikakaa chini ya mwembe tangu umande ulipokauka. Mwizi alikuja jua lilipokwisha kupanda na mabati kuanza kuwaka moto. Alikuwa wa rangi ya kahawia toka kichwa mpaka mkia, mdomo wa manjano. Alizunguka mara mbili juu ya nyumba ya jirani, akageuza mkia kama mtu anayepiga kasia, akashuka. Hakutua. Mguu mmoja uligusa chini, kifaranga akaondoka, na ndege alishapita juu ya ukuta kabla sijaachia sahani. Mwewe. Wale wa Lingala humwita kombekombe. Nimemwona maisha yangu yote juu ya soko na sikuwahi kumtazama.

Mwewe ndiye wa kumjua kwanza, maana mji huu ni wake. Anapenda mahali penye watu: sokoni, kwenye jaa la takataka, mahali wanapochinja ng'ombe na mbuzi, ukingoni mwa mto pirogi zinapoteremsha samaki, shambani siku ya kuchoma majani ambapo panzi na panya wanakimbia moto. Ananyakua hata nyama mkononi mwa mtoto. Alama yake ni mkia: mrefu, umepasuka mwishoni kama mkia wa samaki, na hautulii. Anaupinda kushoto, anaupinda kulia, huku mabawa yakiwa yametulia. Akiufungua sana ule mpasuko hupotea na mkia unaonekana kama umekatwa sawa, basi usitazame mara moja tu. Kuanzia mwezi wa kumi wanaongezeka wengine waliotoka Ulaya kukimbia baridi. Hao wanafanana na wetu, ila mdomo wao ni mweusi. Lakini hata mwewe wetu akiwa kijana mdomo wake huwa mweusi, kwa hiyo msigombane juu ya mdomo.

Kosa letu kubwa ni kuanza na rangi. Rangi iwe ya mwisho. Anza na mkia, kisha mabawa, kisha namna anavyoruka, kisha mahali alipo na anachofanya. Yule mweupe, ambaye mimi namwita tai wa mawese, mtoto wake si mweupe hata kidogo. Ni wa kahawia, na inamchukua miaka mitatu au minne kupata ule weupe. Mtu akimwona atasema mwewe. Lakini mtazame mkia: mfupi, hauna mpasuko. Mabawa ni mapana. Na anakaa kwenye mchikichi kama mtu aliyekuja kula, si kama mtu aliyekuja kuwinda.

Wasomi wanamweka tai wa mawese katika ukoo wa tumbusi, wale wanaokula mizoga nchi za majani makavu. Huyu wa kwetu amechagua mboga! Chakula chake kikubwa ni nyama ya chikichi na matunda ya miti ya jamii hiyo. Huongeza kaa, samaki waliokufa, konokono, na siku moja moja kiumbe kidogo kinachopita. Sitawadanganya kwamba hajawahi kugusa kifaranga tangu dunia iumbwe. Ila ukimkuta juu ya mchikichi wenye matunda, ujue sababu iko mbele yake, haiko chini kwako. Hupatikana Afrika tu, na huonekana zaidi pale penye mchikichi au mwale. Ukikata michikichi ya parsele unamfukuza. Mimi yangu sijakata.

Sasa nataka niwape elimu niliyopewa na kuku, kwa sababu yeye amesomea jambo hili kuliko sisi. Mama kuku ana kelele mbili za hatari. Akiona paka, mbwa au nyoka, anapiga kelele za kukatika, ko-ko-ko-dáák, anasimama wima anamtazama adui. Akiona kitu hewani, anatoa sauti moja ndefu, nyembamba, ya chini, huku ameinamisha kichwa jicho moja likitazama juu, na vifaranga wanakimbilia chini ya kitu chochote. Ukiisikia hiyo ya pili, inua macho mara moja. Fuata jicho la kuku. Mimi nimewaona ndege wengi kwa njia hiyo kuliko kwa akili zangu. Darubini sina.

Kwa hiyo nilifanya nini? Vifaranga wapya wanakaa mwezi wa kwanza ndani ya kitunga kikubwa cha kekele, kimepinduliwa, mama yao yuko nje amefungwa kamba mguuni au yupo nao humo humo. Wanatoka asubuhi na mapema na jioni. Jua likipanda, wanarudi. Baadaye ninawaachia upande wa migomba, maana mwewe anahitaji nafasi ya kushuka na kupanda tena bila kutua, hapendi kuingia kwenye majani yaliyobanana. Kuku yule mwekundu aliangua tena tisa. Nikakuza wanane. Wa tisa alikanyagwa na toleka, na hilo siwezi kumlaumu ndege.

Kuna mwizi wa pili, na huyo kitunga kinamzuia lakini migomba haimzuii. Haonekani angani. Anatoka kwenye mti, anapita chini chini kati ya nyumba kama jiwe lililorushwa, na unachoona ni kivuli na njiwa wanapasuka pande zote. Ni kipanga mweusi: mgongo mweusi, koo na kifua vyeupe, miguu mirefu ya manjano, mabawa mafupi, mkia mrefu. Jike ni mkubwa kuliko dume, na ana nguvu ya kuchukua njiwa mzima au kuku aliyeanza kuota mkia. Watu wanaofuga njiwa kule Tshopo wanamjua. Ukiwa na bahati ya kumwona ametulia utashangaa uzuri wake. Mimi nimemwona ametulia mara mbili tu, zote mbili juu ya mwembe wa jirani, na mara zote mbili kuku wote wa mtaa walikuwa kimya kabisa, kimya cha kanisani.

Tangu hapo imekuwa mchezo wa nyumba yetu. Mwezi wa nane, watoto wakiwa likizoni, niliwachukua wawili na mtoto mmoja wa dada yangu, tukafanya safari ya siku moja ndani ya mji wetu wenyewe kutafuta hawa ndege. Tulipanda toleka mpaka Makiso, halafu tukatembea kwa miguu. Nilifikiri watachoka. Waliochoka ni mimi.

Makiso ina zile nyumba za zamani za wakati wa Stanleyville, zenye viwanja vikubwa, miembe iliyozeeka na michikichi mirefu. Watu wengi wanasema pamechakaa. Ndege hawajasikia habari hiyo. Kwenye waya wa umeme, si mbali na mto, tulimkuta mmoja mdogo, mnene kidogo, wa rangi ya majivu. Mtoto wa dada akasema njiwa. Nikasema tazama koo. Koo lilikuwa jeupe na katikati lina mstari mmoja mweusi unaoshuka, kama mtoto amechora kwa kalamu ya wino. Miguu myekundu, na mkia mweusi una utepe mweupe. Huyo ni kipanga wa mijusi. Kazi yake ni kukaa, kutazama chini, kushuka juu ya mjusi au panzi, na kurudi kwenye waya. Kuku hawana habari naye na yeye hana habari nao. Tulikaa mbele yake kwa muda wa kula ndizi nne na hakuchukua chochote. Watoto wakaanza kumtukana uvivu. Kisha akashuka kwenye majani ya ukutani na akarudi na mjusi ananing'inia, na wakampigia makofi, akaruka.

Mbele kidogo tulisikia makelele. Kulikuwa na mchikichi uliojaa viota vya mnana, wale ndege wa manjano wanaosuka viota vyao kama vikapu, na wote walikuwa nje wanapiga kelele. Katikati ya viota alikuwa amening'inia ndege mkubwa wa kijivu, kichwa chini, mabawa yanapigapiga ovyo kama mwavuli uliovunjika na upepo. Alikuwa ametia mguu mzima ndani ya kiota na anapapasa. Uso wake ulikuwa wa manjano, hauna manyoya, na tulipokuwa tunamtazama ukabadilika kuwa mwekundu. Huyu ana jambo ambalo Mungu hakuwapa wengine: mguu wake unapinda mbele na unapinda nyuma, kwa hiyo anaweza kuuingiza kwenye tundu la mti, chini ya gamba, ndani ya kiota, na kuupinda huko ndani kutafuta. Anakula vifaranga vya mnana, mijusi, popo, wadudu, na chikichi pia. Anaporuka huenda polepole, mabawa makubwa mapana ya kijivu yenye ncha nyeusi, na mkia mweusi wenye utepe mmoja mweupe. Mkiona ndege mkubwa anafanya mambo ya kijinga juu ya mchikichi, ndiye.

Mtoto wangu wa pili, yule wa manati, aliuliza kama viota vile vitaisha. Nikamwambia mnana wamekuwa kwenye michikichi ya mji huu tangu nikiwa msichana na bado wako. Hakuridhika. Alihesabu viota.

Tukamaliza siku Wagenia. Sina haja ya kuwaeleza maporomoko. Kila mgeni akija mnampeleka kule kuona miti iliyosimikwa kwenye mawe na vikapu vya kutegea samaki. Ila sisi tunatazama maji na watu. Safari hii tulitazama miti ya ng'ambo. Furukombe alikuwepo, tena wawili. Kichwa cheupe, kifua cheupe, mkia mfupi mweupe, tumbo na mabega ya rangi ya matofali, mabawa meusi. Mmoja akarusha kichwa nyuma mpaka kikagusa mgongo akalia, na mwenzake akaitika. Sauti ile inavuka maji hata penye kelele za maporomoko. Ndipo nikaelewa kosa ambalo watu wengi wa mtoni hulifanya: wanamwita tai wa mawese furukombe na furukombe tai wa mawese, kwa kuwa wote wana weupe na wote hukaa karibu na maji. Njia ya haraka ni mkia na tumbo. Furukombe: mkia mweupe, tumbo jekundu. Tai wa mawese: tumbo jeupe, mkia mweusi wenye ncha nyeupe. Mvuvi mmoja kijana alitusikiliza tunabishana akasema yeye huwatofautisha kwa tabia: mmoja huiba samaki wake, mwingine huokota aliyetupwa. Hiyo nayo ni elimu.

Yule mtoto wa dada alirudi nyumbani na unyoya aliouokota njiani. Tuna daftari la unyoya sasa. Wa kwanza ndani yake ni wa yule tai wa mawese niliyemwua, mrefu, mweusi. Msicheke daftari. Mwaka 1909 kijana wa Marekani anayeitwa James Chapin, hajatimiza miaka 20, alikuja Kongo na mwenzake Herbert Lang kwa kazi ya jumba la makumbusho la New York. Mwaka 1913, kule Avakubi kwenye mto Ituri, aliona unyoya kwenye kofia ya mtu na hakuweza kuujua ni wa ndege gani. Akauhifadhi. Miaka 23 baadaye, mwaka 1936, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wamesahauliwa juu ya kabati, na unyoya wao ulikuwa ule ule. Ndiye tausi wa Kongo, ambaye wazee wa msituni walimjua siku zote na wasomi hawakuwa wamemwandika. Kitabu chake juu ya ndege wa Kongo kilitoka kwa sehemu nne, kuanzia 1932 mpaka 1954. Leo hii hapa kwetu Chuo Kikuu kina watu wanaofanya kazi ya namna hiyo, katika kituo chao cha kufuatilia viumbe hai, na ni watoto wa mji huu.

Mpaka hapa nimesema juu ya ndege wa mchana. Nimechelewesha wa usiku kwa makusudi, kwa sababu habari yake ni nzito, na baadhi yenu mlikuwepo.

Mnaikumbuka ile nyumba ya matofali, ya zamani, yenye dari ya mbao iliyooza na tundu chini ya paa upande wa choo. Mle alikuwa anakaa msichana wa miaka tisa, amefiwa na mama, ameletwa kutoka upande wa Ubundu kuishi kwa shangazi yake. Alikuwa anakojoa kitandani. Alikuwa anasema usingizini. Halafu, muda si mrefu baada ya yeye kufika, usiku dari ikaanza kupumua. Sitii chumvi, niliisikia kwa masikio yangu. Giza likiingia tu, kitu kilianza kukoroma juu: khhhhhh, kimya, khhhhhh, mpaka alfajiri, kama mzee mgonjwa wa kifua. Na nje kitu kilikuwa kinapita juu ya paa na kupiga ukelele kama kitambaa kinachochanwa. Jirani mmoja aliona kitu cheupe kinaingia ukutani.

Mnajua maneno yaliyofuata. Hayakuanza kwa ubaya. Yalianza kwa swali: mbona kabla hajaja hapakuwa hivi? Kisha mtoto akatengwa sahani yake. Kisha ikatajwa nyumba moja ya maombi ambako angepelekwa kufunga siku kadhaa bila chakula mpaka aseme. Shangazi mwenyewe si mtu mkatili, na nisingependa mtu amnyooshee kidole. Alikuwa na hofu, na watoto wake wadogo wanne walikuwa wanalala chini ya dari ile.

Tulikwenda mama watatu wa kikundi. Mmoja wetu alianza na sheria, na alifanya vizuri: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa. Shangazi alisikiliza kwa adabu. Lakini niliona usoni kwake kwamba sheria haikufika darini. Usiku ungekuja tena na dari ingepumua tena, na sisi tungekuwa tumelala kwetu.

Nikaomba ngazi. Wakati huo nilikuwa nimeshaona kwenye ukuta wa nje, chini ya lile tundu, michirizi meupe kama chokaa iliyomwagika, na nilikuwa na wazo. Mtoto wangu akapanda na tochi. Akakaa kimya kwa muda ambao ulinitisha. Kisha akasema: "Mama, wako wanne. Wamepangwa kama sisi."

Ilikuwa kweli. Nilipanda mwenyewe nikaona. Watoto wanne wa bundi, wamejaa manyoya laini meupe kama pamba, uso wa kila mmoja una umbo la moyo, na kila mmoja ana ukubwa wake, kwa kuwa mama bundi huanza kulalia yai la kwanza kabla hajamaliza kutaga, nao huanguliwa mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa nusu ya wa kwanza. Tulipomulika, wakatoa ile sauti wote kwa pamoja. Khhhhhh. Shangazi aliyekuwa chini akashika kichwa.

Sakafu ya dari ilikuwa imejaa vidonge vyeusi vya ukubwa wa dole gumba. Bundi humeza panya mzima, halafu hutapika mifupa na manyoya yaliyobanana. Tuliteremsha beseni moja, tukakaa kwenye baraza, tukavifungua kwa vijiti vya ufagio. Msichana alisimama mlangoni mwanzo. Shangazi yake ndiye aliyemwita, akampa kijiti. Ndani ya kila kidonge mafuvu madogo, mawili, wakati mwingine matatu, na meno marefu ya mbele ya manjano. Tulihesabu mafuvu 27 ya panya. Hapakuwa na la kifaranga.

Shangazi aliuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini wanapumua vile usiku kucha? Nikajibu: njaa, wanamwita mama yao alete chakula. La pili: na ule ukelele? Ni wazazi, nikasema, wanakuja na panya. Akanyamaza. Kisha akasema kwamba mwaka huu muhogo wake wa gunia haukuguswa, na alikuwa anashangaa.

Sikumwambia kwamba bundi hawana uhusiano na wafu. Hakuniuliza, na koko yangu mwenyewe alitufundisha kufunga dirisha bundi akilia. Nafsi yangu bado inashtuka kidogo, nikiri hapa mbele yenu. Nilimwonyesha mifupa tu.

Baada ya wiki kadhaa watoto wa bundi waliruka na dari ikanyamaza. Tundu halijazibwa. Msichana bado yuko pale, anasoma, sahani yake imerudi pamoja na za wenzake. Bado anakojoa kitandani, ingawa si kila usiku, na hilo tunalifuata kwa njia nyingine na mama muuguzi wa kikundi.

Siku hizi Jumamosi anakuja kwangu na watoto wengine kuangalia daftari. Juzi alileta unyoya ameufunga kwenye karatasi kwa uangalifu mkubwa, mweusi, una rangi ya kijani ukiugeuza juani. Akauliza ni wa tai gani. Nikaugeuza, nikamtazama, nikamwambia ni wa jogoo wa jirani. Alicheka mpaka akakaa chini. Tumeubandika vilevile, na ameandika jina lake pembeni.